Mpira wa Maji ya Moto Ulioanguka Ukumbini: Mpambaji wa Fumba na Siri ya Tumbo Lake

Klipu yenyewe ni ya sekunde 14 tu. Bi harusi kakaa kwenye kiti cha dhahabu, mikono imejaa piko mpaka kwenye viwiko, macho chini kama alivyoelekezwa na somo wake. Mpambaji anainama kumuweka sawa ushungi. Mara kitu chekundu kinachomoka chini ya buibui la mpambaji, kinapiga sakafu, pwaa! Kizibo kinaruka, maji yanatapakaa kwenye zulia. Nyuma ya simu anasikika mwanamke: "Khaa! Nini kile?" Halafu kicheko.

Simu zilikatazwa mlangoni siku ile, kama ilivyo kwenye harusi nyingi za wanawake Unguja. Lakini nani asiyejua? Panapokatazwa simu ndipo klipu zinapotoka.

Kile kitu kilikuwa mpira wa maji ya moto. Ule mpira bapa, wenye mdomo na kizibo, unaouzwa kwenye maduka ya dawa, ambao watu wazima wanauweka mgongoni na mabinti wanauweka tumboni siku zao zikifika. Hakuna cha ajabu. Ila ilipofika asubuhi, klipu ilishazunguka magrupu ya WhatsApp kuanzia Mkunazini mpaka Mwanakwerekwe, ishavuka bahari ishafika Muscat, na TikTok kuna mtu keshaiwekea muziki. Komenti sasa:

"Huyo anakandwa huyo. Kazaa lini?"

"Mzazi yupo kazini jamani, arobaini haijatoka."

"Mtoto kamuacha kwa nani?"

"Kama hakuzaa basi kaitoa. Tusidanganyane."

Kwa mtu wa Bara au wa Nairobi huenda utani huo haujakolea. Ni hivi. Unguja, moto na tumbo la mwanamke vikikutana, kitu cha kwanza kinachomjia mtu kichwani ni uzazi. Mwanamke akishajifungua anakandwa: maji ya moto, kitambaa, mikono ya mtu mzima anayeijua kazi yake, kisha tumbo linafungwa mkanda wa nguo. Siku arobaini. Sasa msichana ambaye hajaolewa, ana mchumba, posa ishapokewa, anaangusha mpira wa kukandia tumbo mbele ya ukumbi mzima. Watu hawakuhitaji daktari. Walishamaliza hesabu.

Hesabu yao ilikuwa na makosa. Lakini binti mwenyewe naye alikuwa na hesabu yake ya siri, na hiyo ndiyo iliyokaribia kumuondoa duniani.

Jina lake halitajwi hapa. Wanaofuatilia kurasa za maharusi wa Zanzibar wanamjua kwa mikono: ile namna yake ya kuchora nyusi, na kope zisizoonekana kama za bandia. Ana miaka 26. Kazaliwa Fumba, ile rasi ya kusini-magharibi ya Unguja inayotazama Ghuba ya Menai, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Na si ile Fumba ya majumba mapya yanayotangazwa mtandaoni kwa wageni. Ni Fumba ya kijijini, ya ngalawa, ya wanawake wanaofuga chaza, ya boti zinazopeleka watalii kisiwa cha Kwale.

Kalelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye enzi zake alikuwa mkunga wa jadi na mkandaji. Alipomaliza Form Four akajifunza mekapu kwa kuangalia video, nyuso za kujaribia zikiwa za binamu zake. Leo ukimtaka akupambe inabidi umpigie miezi mitatu kabla.

Maumivu yalianza akiwa na miaka 22. Mwanzo yalikuwa ya kawaida: tumbo linasokota chini upande wa kushoto, anakimbilia chooni, linatulia. Halafu likaacha kutulia. Mara sita kwa siku. Mara nane. Usiku linamuamsha. Na chooni, ute na damu.

Damu hiyo hakumwambia mtu.

Tumbo alilisema, na kila aliyeambiwa alilipa jina. Zahanati moja ilisema amiba, akameza dawa. Nyingine ikasema taifodi, akameza dawa. Jirani akasema vidonda vya tumbo, aache pilipili na ndimu. Shangazi yake akasema hilo ni chango, asipoangalia litamzuia kuzaa, akaletewa mizizi ya kuchemsha. Ami yake akasema husda, mtoto kajulikana sana huko mitandaoni, akanywa kombe. Na kila kimoja kilifanya kazi wiki mbili tatu, kwa sababu ugonjwa aliokuwa nao una tabia ya kulala na kuamka wenyewe. Ukilala, sifa anachukua mwenye dawa. Ukiamka, lawama anabeba mgonjwa: hakumaliza dozi, hakufuata masharti, kala kitu cha watu.

Kitu kimoja tu kilimjibu kila alipokiita. Moto.

Alianza na kanga iliyokunjwa. Anaipitisha pasi, anaiweka chini ya kitovu, anavuta pumzi. Kisha chumvi ya mawe: anaipasha kikaangoni, anaimimina kwenye soksi nene, anafunga fundo. Ile soksi inakaa na joto muda mrefu kuliko kanga. Mwisho akanunua mpira Darajani. Kazini akawa anabeba chupa mbili za chai. Mabibi harusi walidhani mpambaji wao ni mtu wa chai sana. Moja ilikuwa ya chai kweli. Ya pili ilikuwa maji ya moto matupu. Mpira anaufunga kwa mtandio chini ya buibui, anasimama saa tano anapaka watu rangi, ukipoa anaaga kwamba anakwenda kusali, anajaza mwingine.

Siku za kazi hali kitu mpaka usiku, maana daladala ya kutoka Fumba mpaka mjini haina choo na haimsubiri mtu. Ramadhani ndiyo ilikuwa nafuu yake. Mwezi mzima hakuna anayemuuliza mbona huli.

Na usidhani alikuwa anajiliwaza tu. Moto unatuliza maumivu ya tumbo kwelikweli. Mwaka 1997 maabara ya David Julius, huko Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilikuwa inatafuta kwa nini pilipili inawasha. Wakakipata kipokezi kilichopo kwenye neva, kinachoamshwa na kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili. Kipokezi hichohicho kinaamshwa na joto la kama nyuzi 43. Ndiyo maana mtu akila pilipili anasema kaungua wakati hakuna moto. Mwaka 2021 Julius akapewa Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Halafu mwaka 2006 wanasayansi wa University College London wakaeleza la pili: joto la zaidi ya nyuzi 40 likiwekwa karibu na panapouma, vipokezi vya joto vinaamka na kuvizuia vile vinavyopeleka habari ya maumivu, karibu na inavyofanya dawa ya maumivu. Ongeza hapo kwamba misuli ikipata joto inalegea, na tumbo linalosokota ni misuli inayojikaza. Wakandaji wa Unguja waliyajua matokeo zamani, jina la kipokezi tu ndilo hawakuwa nalo.

Lakini wataalamu walewale wa London walisema na jambo jingine, ambalo watu hawalisikilizi. Nafuu ya moto ni ya muda, kama saa moja hivi. Kilichosababisha maumivu hakiguswi.

Hapo ndipo hesabu ya binti ilipokosea. Maumivu yakipungua anaona ugonjwa umepungua. Damu chooni haikupungua hata siku moja, ila damu haiumi, na kisichouma ni rahisi kukisahau. Kila mwezi maji yakawa ya moto zaidi kidogo, kwa sababu ngozi ilishazoea. Usiku akawa analala na mpira. Moto uliposhindwa akaongeza diklofenaki na ibuprofeni za dukani, asijue kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuuchokoza utumbo wenye hali kama yake. Akaanza kuchoka kwa kupanda ngazi za ukumbi. Moyo unadunda kama kakimbia. Midomo ikawa myeupe, na ukitaka kuficha weupe wa midomo Unguja nzima, fundi wake ni yeye.

Kwa nini asiseme? Swali hilo rahisi kuuliza ukiwa mzima. Msichana anayeishi kwa uzuri, ambaye watu laki moja wanamtazama akitabasamu, ataanzaje kusema choo changu kina damu? Atamwambia nani, mchumba? Mama mkwe? Maradhi mengine yana heshima. Presha ina heshima. Hata malaria ina heshima. Choo hakina.

Akanyamaza miaka minne. Mpaka kizibo kilipofunguka ukumbini.

Bibi yake hana simu janja. Habari ilimkuta pwani. Alifika walipo wenzake wa chaza, wote wakanyamaza kwa mpigo. Mtu mzima akifika mahali watu wakanyamaza, anajua maneno yalikuwa ya nyumbani kwake. Akamwambia mmoja, "Nionyeshe." Akaitazama ile klipu mara mbili. Hakusema kitu. Akakunja kanga yake akarudi nyumbani, akaingia chumbani kwa mjukuu wake, akafunga mlango kwa komeo.

"Inua nguo nione tumbo."

"Bibi, wallahi sina mimba. Sijazaa, sijatoa."

"Nani kakuuliza mimba? Mie nimekanda wazazi tangu mama yako hajazaliwa. Mzazi nnamjua kwa anavyokaa. Inua."

Akainua. Kuanzia kitovuni kwenda chini ngozi ilikuwa na mchoro, kahawia iliyochanganyika na wekundu, mistari inapishana kama mtu kachukua wavu wa mvuvi akaubandika pale. Alama ile inajulikana. Haitokani na kuungua siku moja. Inatokana na joto lisilofika kuunguza, linalorudiwa mahali palepale siku baada ya siku. Zamani ilionekana kwenye miundi ya watu waliokaa sana karibu na mafiga. Siku hizi inaonekana hata kwenye mapaja ya wanaofanya kazi na kompyuta mpakato miguuni. Ukiacha mapema inafifia. Ukiendelea inaweza kubaki moja kwa moja, na ngozi ya hivyo inataka kuangaliwa na daktari.

Bibi akapitisha kidole juu ya ile mistari.

"Umeanza lini kujichoma?"

"Sijichomi, bibi. Nnajikanda."

"Kukanda kuna siku zake. Arobaini, basi. Tumbo linaloomba moto miaka, hilo haliombi moto, hilo linakuita. Sasa nijibu. Choo chako kikoje?"

Kimya.

"Unatoka damu?"

Wote waliotangulia walimuuliza linauma wapi, limeanza lini, umekula nini. Swali hili yeye alilikwepa kila lilipokaribia, akilijibu kwa "kawaida tu". Mbele ya bibi yake hakuweza. Akalia kwanza, ndipo akajibu.

"Natoka, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Bibi akachukua mpira uliokuwa kitandani, akaenda uani, akamwaga maji, akauning'iniza kwenye kamba ya nguo mdomo chini. "Huu utakaa hapo mpaka turudi hospitali. Vaa."

Mnazi Mmoja wakapima damu. Ikasoma 6.1. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe 12 kwenda juu. Akaongezwa damu siku ileile, na baada ya siku chache akapewa barua ya rufaa kwenda Muhimbili. Boti ya kutoka bandari ya Malindi mpaka Dar ni kama saa mbili, na yeye alichagua kiti cha karibu na choo bila kuona haya, kwa mara ya kwanza. Bibi yake alikaa pembeni na mkoba wa chakula ambacho mjukuu hakuruhusiwa kula, kwa sababu kipimo kinataka utumbo mtupu.

Kipimo chenyewe kinaitwa kolonoskopi. Unapewa dawa ya kusafisha tumbo, na hiyo ndiyo shughuli, maana unashinda chooni. Halafu mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa njia ya haja kubwa, unapanda utumbo mpana wote, daktari anaangalia kwenye skrini. Wakiona panapotia shaka wanachukua kinyama kidogo kwenda kupima. Huku kwetu Afrika Mashariki ni muhimu pia kuhakikisha si kifua kikuu cha utumbo, kwa sababu vinaweza kufanana na dawa zake ni tofauti kabisa.

Majibu yalipotoka, tumbo likapata jina lake la kweli baada ya majina matano ya kupewa: kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inaushambulia utumbo mpana wa mwenyewe. Ngozi ya ndani inavimba, inachubuka, inatoa damu na ute. Una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, unaoweza kukaa popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Huo umepata jina kwa Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza na wenzake wawili mwaka 1932.

Hapa pana mkanganyiko unaoumiza watu wengi. Ukisema "vidonda vya tumbo" mtaani, watu wanafikiria vile vya tumboni juu, vinavyokuja na kiungulia. Hivi ni vingine, viko utumbo mpana, na dawa ya kiungulia haivigusi. Si amiba. Si pilipili. Hauambukizi, hata mkitumia choo kimoja. Na hauponi kwa dozi ya siku saba. Unalazwa usingizi kwa dawa, na dawa zinaendelea hata siku ambazo mtu anajiona mzima, ili usiamke. Yeye alianzishiwa dawa kali ya kushusha uvimbe kwa muda, ile ambayo ni marufuku kuiacha ghafla, kisha mesalazini ya kila siku. Na miaka ikienda atatakiwa kurudia kamera kila baada ya muda, kwa sababu uvimbe wa muda mrefu unaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Swali lake la kwanza kwa daktari baada ya kusikia yote hayo lilikuwa moja tu. "Mpira je? Niutupe?"

Daktari akamwambia hapana. Uutumie, ila kwa adabu. Na adabu yenyewe ni hii, inamfaa yeyote mwenye tumbo la kuuma, hata la hedhi:

1. Maji yawe ya moto, yasiwe yanayotokota. Yakichemka yaache yapoe dakika kadhaa. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Jaza mpira kama thuluthi mbili, bonyeza hewa itoke, kaza kizibo.

2. Pasikose kitambaa kati ya mpira na ngozi. Kanga iliyokunjwa mara mbili inatosha.

3. Dakika 15 mpaka 20, kisha toa, iache ngozi ipumzike. Usilale nao. Ukiona ngozi inaanza kuchora wavu, simamisha.

4. Mpira unazeeka. Ukikakamaa au ukionyesha nyufa, nunua mwingine. Kizibo kilicholegea kishaonyesha kinachoweza kufanya.

5. Moto usitumike kusubiri. Homa, tumbo gumu au lililovimba ghafla, kutapika, damu chooni, kizunguzungu, kupungua mwili, maumivu mapya makali hasa chini kulia ambako panaweza kuwa kidole tumbo: hayo hayakandwi. Hayo yanapelekwa hospitali.

Binamu yake wa Muscat alipopata habari akamtumia mkeka mdogo wa umeme wa kupasha tumbo, kitu cha kisasa, una na kitufe cha kupunguza joto. Bibi akaugeuza huku na huku, akakumbusha kwamba kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani miezi mitatu kwa kebo ya baharini kuharibika. "Weka," akasema, "lakini mpira usiutupe."

Sasa la mchumba, ambalo ndilo watu wanalitaka.

Ni kijana wa hapohapo Fumba, anafanya kazi kwenye boti za watalii. Klipu ilimkuta baharini. Siku ya kwanza hakupiga simu. Ya pili hakupiga. Ya tatu hakupiga. Ya nne alipiga, akaanza kwa upole, "Nasikia unaumwa."

Binti alikuwa kalala wodini, dripu mkononi. Akamuuliza, "Na siku tatu zile, ulikuwa unasikia nini?"

Kijana angeweza kudanganya, kusema mtandao ulikuwa mbovu. Hakudanganya. "Nilisikia wanayosema watu. Na niliyaamini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Siku tatu."

Akakata simu. Kwa wiki mbili hakupokea. Marafiki zake wakagawanyika: wengine wanasema mwanamume mkweli hapatikani, wengine wanasema aliyeamini mara moja ataamini tena. Yeye alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuwaza, kwa mfano kutembea mpaka dirishani bila kuhema.

Waliporudi Fumba, mama wa kijana akaja. Mtu mzima, kavaa vizuri, kaja na halwa. Akakaribishwa barazani, akanywa chai, akauliza habari za hospitali, za boti, za joto la Dar. Mwisho akauliza alichokijia.

"Samahani dada yangu. Atazaa?"

Bibi akaweka kikombe chini. Akamjibu alivyoambiwa na daktari: ugonjwa ukishatulia, wanawake wengi wenye maradhi haya wanabeba mimba na wanazaa kama wengine. Muhimu utulie kwanza, na dawa zipangwe na daktari kabla, mtu asijiachishe mwenyewe kwa kuogopa. Halafu akaongeza la kwake:

"Na Mungu akijaalia akazaa, nitamkanda mie mwenyewe, hapahapa, mlango wazi. Muje na simu zenu."

Mama wa watu akacheka, kwa kutahayari zaidi kuliko kwa furaha. Posa haikurudishwa. Lakini tarehe ya nikahi aliipanga binti: miezi sita bila damu, ndipo akae kwenye kile kiti. Huu ni mwezi wa nne. Kijana anapiga simu kila siku jioni boti ikishafungwa, na siku hizi swali lake la kwanza si "umeshindaje". Ni "umemeza dawa?"

Kazini karudi, taratibu. Kinachobadilika ni maongezi ya mwanzo. Bi harusi akipiga simu kuweka tarehe, anaambiwa kabisa: mpambaji wako ana maradhi ya utumbo, anataka chumba chenye choo karibu, anataka maji ya moto, na akisema samahani narudi sasa hivi, usimuulize. Mmoja alighairi. Waliobaki walisema sawa, na wawili kati yao walisema "mama yangu pia yuko hivyo, hatujui ni nini."

Klipu bado ipo. Ikiripotiwa huku inaibuka kule. Lakini siku moja inboksi akakuta ujumbe wa msichana asiyemjua: "Dada, samahani, ule mpira ulinunua wapi?" Akadhani anachezewa. Wiki ile wakaja wengine, wa Chake Chake, wa Tanga, wa Mombasa. Wengi ni wa maumivu ya hedhi, ambayo nayo moto unayasaidia sana. Wengine wana tumbo la miaka na majina matatu manne, hakuna hata moja lililopona.

Anawajibu wote. Ila kabla ya kuwaambia ni Darajani, anawauliza lile swali la bibi yake: choo chako kikoje, unatoka damu?

Wanaosema hapana anawatumia zile adabu tano. Wanaosema ndiyo anawaambia hospitali, leo. Wengine wanasoma, alama za buluu zinaonekana, halafu kimya siku mbili. Hao ndio anaowapigia simu.

Wewe je, tumbo lako limeshapewa majina mangapi? Komenti ziko wazi.